Ukoka wa Kahawia Haujafa: Kwa Nini Hatumwagilii Bustani Yako Wakati wa Mgao

Wiki iliyopita mteja wetu mmoja wa Shangani, hapa Mtwara, mama ambaye tunamtunzia bustani mwaka wa nne sasa, alinitumia picha ya uwanja wake saa kumi na mbili asubuhi. Chini ya picha aliandika: "Fundi, nyasi zangu zimekufa na hela yangu ya mwezi mmekula." Salamu hakuweka, na yeye si mtu wa kuacha salamu. Nikajua amekasirika kweli.

Huyo ni wa sita tangu tangazo la mgao lipite mitaani kwamba maji ya bomba yasimwagiliwe bustani mpaka mvua irudi. Wote sita wana neno moja. Tunalipa kila mwezi, vijana wenu wanakuja, wanafagia, wanapogoa ua, wanang'oa magugu, lakini mpira wa maji hawaugusi na nyasi zinakauka mbele ya macho yao. Kwa hiyo mnatuibia. Nimejibu kwa simu mara sita, na kwenye simu mtu mwenye hasira hasikii, basi naandika hapa kwa utulivu.

Kwanza hesabu, maana watu wengi hawajawahi kuipiga. Maji yenye kina cha milimita moja yakitandazwa kwenye mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Kiwanja cha nyasi cha mita 10 kwa 20 ni mita za mraba 200. Katika kiangazi chetu, jua hili la Mtwara na upepo wa kusi unaopiga kutoka baharini mchana kutwa, nyasi za kubaki kijani zinahitaji kama milimita 25 kwa wiki. Hizo ni lita 5,000. Kwenye bili yako ni uniti tano. Kwa ndoo za lita 20 ni ndoo 250. Familia inayotumia ndoo kumi kwa siku kupika, kuoga na kufua ingekaa na maji hayo siku 25, na wewe unayamwaga kwa wiki moja uwanjani. Ukiwa na jirani anayesubiri bomba litoe usiku wa manane ajaze madumu, utaelewa kwa nini tangazo lilianza na bustani.

Na huku kwetu hatuna mvua mbili. Wenzetu wa Tanga na Dar es Salaam wana vuli na masika, mmoja ukikosa wanangoja mwingine. Mtwara na Lindi tuna msimu mmoja, unaoanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili. Ukianza kwa kusuasua au ukikatika mapema, hakuna cha kuziba pengo mpaka mwaka ugeuke. Hata hao wa Dar es Salaam wenye misimu miwili tuliwaona Oktoba 2022, mto Ruvu ulipopungua wakaingia kwenye mgao. Cape Town walifika mbali zaidi: kuanzia Februari 2018 kila mtu aliwekewa lita 50 kwa siku kwa shughuli zake zote, na kumwagilia bustani kwa maji ya mji kukapigwa marufuku kabisa. Sheria yetu ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 nayo inaweka matumizi ya nyumbani mbele ya shughuli za kiuchumi. Nyasi za mapambo zinakuja mwisho, na mimi ninayekula kwa nyasi nasema hivyo bila kinyongo.

Sasa turudi Shangani. Nilikwenda siku ileile.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, baba. Njoo uone mlichonifanyia."

Nilichukua jembe dogo nikachimbua kipande cha ukubwa wa kiganja katikati ya uwanja, pale palipoungua zaidi. Juu kulikuwa kama makapi. Nikaukung'uta mchanga, nikamwonyesha shina la chini: jeupe, gumu, na ukilikata kwa ukucha linatoa unyevu. Ukoka una mashina mawili, moja linatambaa juu ya ardhi na jingine linapita chini ya mchanga, na kila pingili ya hilo la chini ina chipukizi linalosubiri. Maji yakikata, mmea unaacha majani yafe, unajikusanya chini na kulala. Mashambani mnauona kila mwaka. Ukoka wa kando ya barabara ya kwenda Mikindani huwa kama majani ya makuti mwezi wa kumi, na mwezi wa kwanza ng'ombe wanaushindania. Nani aliumwagilia?

Mama hakuridhika. Nikakata kipande kingine, nikakipanda kwenye kopo la maziwa nililotoboa chini, nikamwomba akiweke barazani na kukipa kikombe kimoja cha maji kila asubuhi. Ndivyo tunavyopima kwa wateja wote. Kama ndani ya siku kumi hakuna kilichotoka, nyasi zimekufa na mimi nitasema zimekufa.

Kinachoniuma ni hiki: nyasi zinazokufa kweli wakati wa mgao, kwa niliyoyaona, nyingi zinauliwa na maji kidogo ya wizi. Tulikuwa na mteja Lindi mwenye nyumba ya wageni. Tulipomwambia tunaacha ukoka ulale, akaona wageni watamdharau. Akamwagiza mlinzi awe anafungua bomba saa tano usiku, dakika kumi tu, asionekane. Dakika kumi za mpira wa kawaida ni lita 150 au 200. Kwa uwanja wake hizo hazifiki hata milimita mbili. Zinalowanisha vumbi la juu, na jua la saa nne asubuhi limeshazichukua. Lakini ukoka umeshadanganywa. Unaona unyevu juu, unaamka, unatoa majani mapya kwa akiba yake ya chini, mizizi inapanda kufuata maji yaliyo juu. Wiki mbili akafanya hivyo. Kisha jirani akalalamika, mlinzi akaogopa, maji yakasimama ghafla. Ukoka uliokuwa umeamka haukuwa na akiba tena ya kulalia. Upande wa mbele alikuwa na nyasi za pemba, zile za majani mapana, na hizo hazina shina la chini kabisa, zinatambaa juu tu. Kulowana usiku kucha kukazipa ukungu, madoa ya kijivu, zikaoza. Januari tulipanda upya uwanja mzima. Upande wa nyuma ambao mpira haukuufikia ulirudi wenyewe, bila shilingi.

Kupanda upya tunatoza shilingi 6,000 kwa mita ya mraba, pamoja na samadi, kusawazisha na kushindilia. Uwanja wa mita za mraba 200 ni milioni moja na laki mbili. Ada yetu ya kutunza uwanja kama huo ni 80,000 kwa mwezi. Gawanya mwenyewe: ni miezi kumi na mitano ya matunzo imekwenda kwa dakika kumi za kila usiku. Watu wananiambia ada ni kubwa, fulani wa Magomeni ya hapa Mtwara anafanya kwa 30,000. Sawa, na mtaani wapo vijana wazuri. Ila mmoja wa hao wa bei rahisi mwaka jana aliitwa na mteja aliyetuacha, akaona nyasi za kahawia, akamwaga mbolea ya yurea ili zirudi kijani, katikati ya kiangazi, kwenye mchanga mkavu. Yurea bila maji inaunguza. Nilipoitwa kurudi, uwanja ulikuwa na mistari mieupe kama chaki, alama za mkono wake alivyokuwa akirusha. Kwenye mistari ile hakuna shina lililopona.

Njia nyingine ya mkato ni kisima. "Fundi, mimi maji yangu si ya bomba, nina kisima changu, boza nalo naagiza, nani atanikataza?" Kwa mgao wa bomba huenda hakuna. Ila kabla ya kumleta mchimbaji wa mashine uliza vibali kwenye Bonde la Maji la Ruvuma na Pwani ya Kusini, makao yake yako hapa hapa Mtwara, halafu onja maji. Nasema onja kwa ulimi. Karibu na bahari kisima kifupi kinavutwa sana kiangazi, maji matamu yanapungua na ya chumvi yanasogea. Mzee mmoja wa Mikindani alimwagilia kwa kisima chake kuanzia Agosti. Nazi zake hazikusema kitu, mnazi umezoea chumvi. Lakini milimao minne aliyoitunza miaka saba ilianza kuungua ncha za majani, ikapukutisha, na miwili ikafa. Mlimao ni dhaifu sana kwa chumvi. Alinionyesha huku ameshika jani mkononi kama mtu anayeshika picha ya marehemu, na sikuwa na la kumwambia. Tangu hapo kijana wetu yeyote akifika kwenye kisima kipya anaonja na kujaribu sabuni. Ikigoma kutoa povu, mpira unazungushwa na kurudishwa stoo. Boza ni hivyohivyo: muulize dereva amechota wapi, na kama anababaika mwache aende. Mwenye maji ya chumvi na anataka nyasi kwa nguvu, tunampandia paspalamu msimu wa mvua. Hiyo inastahimili. Sasa hivi si wakati wake.

Basi hiyo 80,000 inafanya nini kama hatumwagilii? Kazi ya kiangazi ni nyingi kuliko ya masika, ila haionekani kirahisi. Tunapandisha kisu cha mashine, nyasi tunaziacha vidole vitatu na hatuzigusi tena, maana kivuli cha jani kavu ndicho kinachofunika shina. Tunaziba njia za mkato za watoto na pikipiki, kwa sababu ukoka uliolala ukikanyagwa kila siku unavunjika pingili. Magugu tunang'oa kwa mkono, yanakunywa unyevu mdogo uliobaki. Halafu tunageukia miti. Nyasi utazirudisha kwa msimu mmoja, mwembe wa miaka kumi huurudishi kwa fedha. Kila mti mchanga tunauchimbia beseni, tunalijaza makumbi ya nazi unene wa kiganja, tukiacha nafasi kuzunguka shina lisioze, na maji ya kusuuzia nguo au vyombo yanaingia hapo mara mbili kwa wiki. Maji yenye dawa ya kung'arisha nguo hapana. Na tafadhali, maganda ya korosho msitumie badala ya makumbi kwa sababu tu yanapatikana bure. Yana mafuta yanayounguza ngozi, na kijana wetu mmoja alibabuka mikono yote miwili kwa mteja aliyekuwa ameshayamwaga bila kutuambia.

Maua ya kwenye vyungu tunayamwagilia kwa maji ya kiyoyozi. Weka ndoo chini ya bomba lake. Mteja wetu mmoja wa Ligula anapata lita kumi kila asubuhi, na maji yale hayana chumvi. Wenye nyasi za pemba tunawachagulia kipande kidogo karibu na jiko, mita mbili kwa mbili, kipewe maji yaliyotumika mpaka mvua. Hicho ndicho cha kutoa mbegu ya kupandia uwanja mzima Januari, kwa hiyo wanalipa nguvu kazi tu, vipando ni vyao. Kukitunza kipande hicho hatujawahi kutoza, na hakuna aliyetushukuru pia.

Jambo lenye faida kuliko yote nimeliacha nyuma na sitalirefusha: gata na tanki. Bati la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 20 linatoa karibu lita 2,000. Mvua za namna hiyo tunapata kadhaa kati ya Desemba na Aprili, na zote zinatoboa mashimo chini ya ukingo wa bati na kukimbilia baharini. Wanaotaka tuwafungie waseme kabla ya Novemba kuisha. Desemba kila mtu anakumbuka siku moja, na fundi wetu wa gata ni mmoja.

Aliyetaka kusitisha mkataba kwa miezi ya mgao anaweza, hatumshikilii. Ila tukirudi Januari tunaanza na ukaguzi, na tutakachokuta kimefanyika hapo katikati tutakitoza kama kazi mpya. Vijana wetu hawatafungua bomba la mtu usiku, hata kwa malipo ya pembeni. Wawili wameshaahidiwa hayo, wakaja kuniambia wenyewe.

Jana, siku ya nane, mama wa Shangani alituma picha nyingine. Kopo la maziwa, barazani, na majani matatu membamba ya kijani yanatoka pembeni. "Habari za asubuhi baba. Imeota. Sasa nianze kumwagilia yote?"

Nilimjibu asubiri mvua tatu kubwa zipite, tena azihesabu kwenye kalenda, ndipo nilete samadi.