Saa nane ya Chake si saa nane ya London

Mhariri,

Jamaa zetu waliopo Uingereza wakitukanwa njiani au wakivutwa mtandio ndani ya basi, mara nyingi simu ya kwanza haiendi polisi. Inakuja nyumbani Zanzibar: Wete, Mkoani, Makunduchi. Na jawabu wanalolipata tunalijua: "Nyamaza mwanangu, Kiingereza chenyewe hukijui." Tunaomba nafasi katika safu yako tueleze kwa nini jawabu hilo ni kosa, na hasa ni wapi maneno yetu hupotea yakishafika mezani kwa polisi.

Kwa England na Wales, kanuni inayolinda waathirika wa uhalifu imeiweka haki ya kuelewa na kueleweka kuwa ya kwanza kabisa. Asiyemudu Kiingereza hupewa mkalimani bila ya malipo anaporipoti, anapoandikisha maelezo na anapotoa ushahidi mahakamani. Dharura ni 999. Jambo lililokwisha pita ni 101. Aliyeghasiwa ndani ya treni atume ujumbe wa simu kwenda 61016, namba ya polisi wa reli. Anayepiga simu, neno lake la mwanzo liwe "Swahili", si "Kiswahili", kwani ndivyo lugha yetu inavyoitwa huko. Mpokeaji atamwingiza mkalimani kwenye laini hiyohiyo, na hapo katikati huwa kimya. Asikate simu.

Huko hakuna sheha wa kumpitia, wala PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Aliyeumia huenda moja kwa moja hospitali akatibiwa, polisi baadaye. Anachopaswa kuondoka nacho polisi ni namba ya kumbukumbu ya kosa, mfano wa RB yetu, na bila ya namba hiyo kila simu inayofuata itaanza upya.

Kisha aseme wazi kuwa anaamini ametendewa kwa chuki. Polisi wanatakiwa kuliandika tukio kuwa uhalifu wa chuki iwapo aliyetendewa, au mtu mwingine yeyote, anaona kuwa msukumo wake ni uadui dhidi ya rangi au asili, dini, ulemavu, mwelekeo wa kimapenzi au utambulisho wa jinsia. Kuandikwa ni jambo jepesi. Mahakama inataka zaidi. Kwa kosa la rangi au dini, sheria ya 1998 inaangalia kama kosa lilisukumwa na uadui huo, au kama mshitakiwa aliudhihirisha wakati wa kosa au punde tu kabla au baada yake. Kwa hivyo maneno aliyoyatamka ndiyo roho ya kesi.

Hapo ndipo adabu yetu inapotuponza. Mtu aliyelelewa Pemba akiulizwa aliambiwa nini, atajibu: "Kanitolea maneno machafu." Mkalimani atatafsiri hivyohivyo, na kesi imekwisha kupoa. Neno litajwe kama lilivyosikika, hata kama hajui maana yake, hata kama halitamkiki mbele ya mkwe. Akiona haya, aliandike kwenye karatasi kwa herufi za Kiswahili jinsi lilivyomwingia sikioni.

Saa ndiyo mtego mkubwa kuliko yote. "Saa nane mchana" ya Chake ni 14:00 huko. Mkalimani aliyezoea saa za Kizungu anaweza kuitia 8, na askari akatafuta picha za kamera za basi za asubuhi, asione kitu. Picha hizo nyingi hazihifadhiwi zaidi ya mwezi mmoja, basi kosa likija kugunduliwa, ushahidi umeshafutwa. Atamke kwa saa ya huko na aongeze asubuhi, mchana au usiku. Siku nayo ina lake. Wazee wetu wakisema "usiku wa Ijumaa" wanakusudia usiku ule ambao kwa Waingereza bado ni Alkhamisi. Itajwe tarehe.

Mkono wa Mswahili unaanzia begani ukaishia kwenye kucha. Kiingereza kinaukata vipande viwili vyenye majina mbalimbali, na mguu vivyo hivyo. Maelezo ya polisi yakisema kiganja na cheti cha daktari kikasema kigasha, yaani baina ya kiwiko na kiganja, wakili wa utetezi hahitaji zaidi ya hapo. Taja bega, kiwiko, kigasha, kifundo, na uoneshe kwa kidole. Kiambishi chetu "a-" hakisemi mwanamme wala mwanamke, lakini Kiingereza hakisogei mpaka kichague kimoja, kwa hivyo aanze na "yule mwanamke" au "yule kijana wa kiume" kila mara. "Ndugu yangu alikuwepo" nayo si maelezo. Ikiandikwa kaka, kisha ikaja kujulikana ni mtoto wa mama mkubwa, shahidi ataonekana mwongo.

Na si kila Kiswahili ni kimoja. Aombe mkalimani wa Kiswahili cha Tanzania, maana anaweza kupewa wa Kongo, ambaye "kanipiga" yetu, yaani amenipiga, itamtatiza. Wasipofahamiana aseme palepale na aombe mwengine. Hiyo si jeuri. Mtoto wa skuli asitumiwe kukalimani maneno ya mkasa wa mama yake, wala asikalimani jirani aliyeshuhudia, kwani huyo ni shahidi. Lililo bora ni maelezo kuandikwa na kutiwa saini kwa Kiswahili, tafsiri ifuate. Akiletewa ya Kiingereza tu, asomewe yote kabla hajashika kalamu.

Jirani mwenye kughasi kila siku ni suala la halmashauri pia, hasa ikiwa nyumba ni ya halmashauri. Aliyeghasiwa aiandikie idara ya nyumba, aombe mkalimani katika barua hiyohiyo, na kila tukio liripotiwe ndani ya mwezi mmoja tangu litokee. Sheria ya 2014 inampa aliyelalamika mara 3 ndani ya miezi 6 haki ya kutaka shauri lake lipitiwe upya na halmashauri, polisi na wenye nyumba kwa pamoja. Madaftari ya matukio ndiyo yanayoshinda hapa: tarehe, saa, maneno, nani aliona.

Asiye na karatasi za ukaazi aonane na wakili wa uhamiaji kwanza, kwa sababu taarifa za polisi zinaweza kufika uhamiaji.

Sisi tuliobaki huku tuna kazi yetu. Namba 101 haipigiki kutoka Zanzibar, lakini mtu mwingine anaweza kuripoti kwa niaba kupitia tovuti ya polisi wa eneo husika. Sauti aliyokutumia kwa WhatsApp huku bado anatetemeka ni ushahidi. Usiifute, na ibaki kwenye simu iliyoipokea, usitegemee nakala za kusambazwa. Kumbuka tu kuwa saa inayoonekana kwenye simu yako imetangulia ya kwao kwa saa 3 wakati wa baridi na saa 2 wakati wa joto.

Kwa BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, tuna ombi moja. Liandaliwe karatasi la kurasa mbili, kwa ajili ya wakalimani walioko nje, linaloeleza saa zetu, siku zetu, "ka-" yetu, mkono na mguu, na majina ya ujamaa. Ofisi inayoshughulikia Wazanzibari wanaoishi nje ilisambaze kwa jumuiya zao.

Wasaidizi wa sheria na wakalimani,
Chake Chake, Pemba