Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Picha za Kale za Vijiji vya Wales

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha kwenu taarifa ya kazi za chama kwa mwaka unaomalizika. Mkutano mkuu uliopita ulituagiza tuzishughulikie picha za mwanzo za vijiji na mandhari ya Wales, na tuziandikie maelezo ya Kiswahili yatakayoeleweka na msomaji asiyewahi kufika huko. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi nitaeleza kazi yenyewe, pamoja na kosa moja ambalo sina budi kulikiri mbele yenu.

Tulianzia kwenye ushahidi wa zamani zaidi. Tarehe 9 Machi 1841, Calvert Richard Jones aliipiga picha ngome ya Margam, kusini mwa Wales, kwenye bamba la shaba lililopakwa fedha, na picha hiyo imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Wales mjini Aberystwyth. Karibu na hapo, katika bonde la Penllergare nje ya Swansea, aliishi John Dillwyn Llewelyn, mwenye ardhi kubwa, ambaye mkewe Emma alikuwa binamu wa William Henry Fox Talbot, mvumbuzi wa picha za karatasi. Kwa ukoo huo habari za uvumbuzi ziliwafikia mapema, na nyumba nzima ikaingia katika kazi: mke akichapa picha, binti yao Thereza akishika kamera, na Mary, dada yake Llewelyn, akipiga picha kwa kamera ndogo isiyohitaji watu wakae kimya kwa muda mrefu. Ndiyo maana nyuso katika picha za Mary zimelegea, na wengine wanatabasamu, jambo ambalo ni nadra mno kwa miaka ya 1850. Kamati yenu ilitumia vikao viwili kwa picha zake peke yake, na sioni kwamba tulizidisha.

Wakati huo picha zilipigwa kwenye kioo: kilipakwa kolodioni, yaani kimiminika cha kunata, kikatumbukizwa katika nitrati ya fedha, kikapigwa picha na kuoshwa kwa dawa kabla hakijakauka, hivyo aliyetaka kupiga maporomoko ya maji au ufuo wa bahari alilazimika kubeba hema la giza na chupa zake zote. Mwaka 1856 Llewelyn alitangaza njia ya kukihifadhi kioo kwa mchanganyiko wa asali na siki, kiasi cha kuweza kukiandaa nyumbani na kukitumia siku kadhaa baadaye. Wanachama wetu wanaoishi Swansea walilitembelea bonde hilo wakiwa na nakala za picha zake mkononi. Jumba la Llewelyn lilibomolewa mwaka 1961, lakini maporomoko ya maji yapo, na wenzetu waliweza kusimama karibu kabisa na mahali aliposimama yeye.

Hata hivyo, picha hizo zimepigwa na wenye ardhi, nazo zinaionyesha nchi jinsi inavyoonekana kutoka kwenye bustani ya jumba. Kwa maisha ya kijijini inabidi twende kwa John Thomas, aliyezaliwa mwaka 1838 huko Cellan, katika eneo la Ceredigion magharibi mwa Wales, na kuhamia Liverpool akiwa kijana kufanya kazi katika duka la nguo. Afya ilipomlazimu kutafuta kazi ya nje, akawa anauza picha za watu mashuhuri, na hapo akatambua kwamba Wawelsh karibu hawakuwamo. Kutokana na uchungu huo alianza kuwapiga picha wahubiri wa Kiwelsh, kisha mwaka 1867 akafungua studio yake Liverpool, na kwa miaka mingi akawa anazunguka Wales kijiji kwa kijiji. Alipiga makanisa madogo, mafundi mbele ya karakana zao, wazee milangoni, na barabara ambazo wakazi wake wametoka wote kumtazama. Zaidi ya vioo 3,000 alivyovichagua mwenyewe alimuuzia Owen M. Edwards, aliyevitumia katika jarida lake la Cymru, na leo viko Aberystwyth. Naamini hakuna mkusanyo mwingine wa wakati huo unaowaheshimu wanakijiji wa Wales kwa kiwango hiki, kwa sababu aliyekuwa nyuma ya kamera alizungumza nao kwa lugha yao.

Sasa kosa letu. Katika maonyesho yetu, chini ya picha ya wanawake waliovaa kofia ndefu nyeusi na shali wakinywa chai, tuliandika kwamba hayo yalikuwa mavazi yao ya kila siku. Mwanachama mmoja alitusahihisha, naye alikuwa na haki. Kofia ile ilikuwa imeanza kuachwa, na picha nyingi za aina hiyo zilipangwa studioni ili ziuzwe kwa watalii. Maelezo yale niliyaidhinisha mimi, na lawama ni yangu. Tumekwisha kuyabadilisha, na kuanzia sasa kila maelezo yatataja kwanza nani alipiga picha na kwa ajili ya mnunuzi gani.

Suala la majina nalo lilitusumbua. Wales ina majina machache ya ukoo, na Jones, Davies na Evans wamejaa kila kijiji, hata watu huitana kwa kazi au kwa shamba, kama sisi tunavyosema Juma Seremala au Mama Ntilie wa sokoni. Kuandika “John Jones” pekee ni sawa na kutoandika kitu. Kamati imeamua kwamba jina la shamba au kazi, likiwepo, lisiachwe kamwe katika tafsiri, na jina la shamba libaki kwa Kiwelsh.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza tuendelee na vioo vya Thomas kutoka Ceredigion pekee, badala ya kutapanya nguvu nchi nzima. Wanaojitolea kuandika maelezo wajiandikishe kwa katibu kabla mkutano huu haujafungwa, na wanaosoma Kiwelsh, hata kidogo, tafadhali wajitambulishe kwake, kwani hao ndio tunaowahitaji zaidi.

Wenu katika kazi,
Mwenyekiti