Tulipu: tuanze na friji

Habari za asubuhi wapendwa. Mlioletewa vitunguu vya ua la tulipu kutoka Uholanzi, tafadhali msivifukie bado. Ua hili linataka baridi ya chini ya nyuzi 9 kwa wiki 12 hadi 16 ndipo kikonyo kirefuke vizuri. Udongo wa Dar, hata Julai, haufiki huko. Viwekeni kwenye mfuko wa karatasi, droo ya chini ya friji, mbali kabisa na ndizi, maembe na matufaha. Tunda likiiva hutoa gesi ya ethilini, nayo huua chipukizi la ua ndani ya kitunguu wakati nje ganda bado linang'aa kahawia. Kitunguu kinachobonyea mkononi, tupa.

Kisha pandeni kwenye chungu chenye matundu, ncha juu, kina cha sentimita 15, penye kivuli. Kuhamisha vitunguu ni baada ya majani kuwa manjano, si kabla.

Ila niseme wazi: kwa joto letu tulipu huchanua mara moja, basi. Anayetaka ua la kudumu uani apande amarilisi, shingo ya kitunguu ibaki juu ya udongo. Yangu yamezaana sana. Anayehitaji aandike jina hapa, Jumamosi nitagawa.