Barua kwa mwanangu: Kwa nini kileleni kuna theluji

Mwanangu mpendwa,

Nakusalimu, na natumaini masomo yanakwenda vizuri. Sisi hatujambo.

Tangu uondoke, swali lako halijanitoka kichwani. Uliuliza: kama jua ndilo linalotupa joto, na kilele cha mlima kiko karibu nalo zaidi, mbona huko juu kuna theluji? Nilikuwa na haraka, nikakujibu kwamba ni upepo. Si upepo, mwanangu, na sitaki ubaki na jibu lile.

Jua liko umbali wa kilomita milioni 150. Aliyepanda kilomita tano za mlima hajalikaribia hata kidogo. Isitoshe, sehemu kubwa ya mwanga wa jua hupita katika hewa bila kuipasha moto. Kinachoufyonza ni ardhi na bahari, kisha hizo ndizo zinazoipasha hewa kutoka chini, kama jiko linavyopasha sufuria. Hewa iliyopata joto hupanda. Huko juu mgandamizo ni mdogo, kwa hiyo inatanuka, na hewa ikitanuka hupoa. Kwa wastani joto hushuka nyuzi 6.5 za sentigredi kila unapopanda kilomita moja. Kama usawa wa bahari ni nyuzi 15, basi kilomita 10 juu, zinakopita ndege za abiria, ni nyuzi 50 chini ya sifuri.

Tabaka hilo tunaloishi ndani yake huitwa troposfia. Juu ya ikweta lina unene wa kilomita 16 hadi 18, na kwenye ncha za dunia kama 8 tu. Humo ndimo ulimo uzito mkubwa wa hewa yote, pamoja na karibu mvuke wote wa maji. Ndiyo maana mawingu, mvua na radi ni mambo ya huku chini. Na hewa inakwisha upesi kuliko tunavyodhani: ukifika kilomita 5.5, nusu yake umeshaiacha chini ya miguu yako. Mwaka 1862 Waingereza wawili, James Glaisher na Henry Coxwell, walipanda kwa puto hadi karibu kilomita tisa. Glaisher akazimia. Coxwell alikuwa amekufa ganzi mikono kwa baridi, ikambidi aing'ate kamba ya vali kwa meno na kuivuta ili puto lishuke. Walirudi wazima.

Sasa nikueleze sehemu inayonigusa kuliko zote. Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba baridi huzidi tu kadiri unavyopanda, hadi hewa iishe. Mfaransa Léon Teisserenc de Bort akaanza kurusha maputo yasiyo na watu, yamebeba vipimajoto. Kila yalipofika kama kilomita 11, joto liliacha kushuka. Ungekuwa wewe, ungesema kipimajoto kimeharibika. Yeye pia alishuku vipimo vyake, akihofia kwamba jua linavichoma, kwa hiyo akarusha maputo mengi usiku. Jibu likawa lilelile. Alirusha zaidi ya 200 kabla ya kutangaza matokeo yake mwaka 1902. Tabaka alilolikuta ndilo tunaloliita stratosfia.

Stratosfia inafika kilomita 50 hivi, na ndani yake joto hupanda badala ya kushuka, hadi kukaribia nyuzi sifuri kule juu. Ina jiko lake lenyewe, yaani ozoni, gesi ya jamii ya oksijeni, ambayo hufyonza mionzi ya urujuanimno ya jua, ile isiyoonekana kwa macho, na kugeuka kuwa chanzo cha joto. Ozoni hiyo ni kidogo mno. Ungeikusanya yote na kuishusha hadi usawa wa bahari, ingekuwa utando wa milimita tatu hivi, na huo ndio unaokinga ngozi na macho yetu. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza walitangaza kwamba ozoni juu ya Antaktika inapungua vibaya kila majira ya kuchipua ya huko, na kemikali za majokofu na makopo ya kupulizia zikaonekana kuwa chanzo. Miaka miwili baadaye mataifa yakatia saini Mkataba wa Montreal wa kuziondoa, na sasa ozoni inarudi polepole. Kila nikikumbuka jambo hilo nashukuru, kwa sababu yako.

Kwa kuwa hewa ya moto iko juu na ya baridi iko chini, stratosfia haichanganyiki kwa urahisi. Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipolipuka mwaka 1991, gesi yake ya salfa ilifika huko ikageuka ukungu mwembamba uliokaa muda mrefu bila kusafishwa na mvua. Dunia ilipoa kama nusu nyuzi kwa mwaka mmoja au zaidi.

Juu ya kilomita 50 ozoni imepungua sana, na baridi inarudi. Hiyo ni mesosfia, inayoishia kilomita 85 hivi kwa nyuzi 90 chini ya sifuri, na wakati mwingine chini zaidi. Halafu inaanza themosfia, ambamo hewa chache iliyobaki hupigwa na mionzi mikali kabisa ya jua hadi joto kuvuka nyuzi 1,000. Usiogope kwa ajili ya wanaanga walio huko kilomita 400 juu. Joto ni kasi ya chembe, na chembe za huko zinakimbia sana lakini ni chache mno kuweza kumuunguza mtu. Baada ya hapo ni eksosfia, ambamo hidrojeni nyepesi hutoroka kidogo kidogo kwenda angani.

Kwa hiyo mlimani kuna baridi kwa sababu kilele kiko mbali na jiko la ardhi lililo chini, na jiko la ozoni bado liko mbali juu yake.

Desemba utakuwa likizo. Usiku wa kuamkia tarehe 14 kuna vimondo vingi viitwavyo Geminids, na vimondo huungua hasa katika mesosfia, tabaka ambalo ndege hazilifikii na setilaiti haziwezi kudumu ndani yake. Mbingu ikiwa safi tutatoka nje pamoja. Nitakuamsha.

Mimi mama yako akupendaye.