Mama mdogo, mwache asile nyama ila mlishe

Shikamoo mama mdogo.

Simu ya juzi ilikatika kabla sijamaliza, na nilipoanza kukuandikia meseji nikaona inakuwa ndefu mno, kwaiyo nimeiweka hapa wazi, jina lako sitaji wala la mdogo wangu, maana najua hili swala haliko kwako tu. Kuna wamama wengi saivi mtoto karudi likizo, yuko kidato cha pili cha tatu hivi, anatangaza mezani kwamba mimi nyama basi, na nyumba nzima inamgeukia.

Uliniuliza kama mimi ndo nimemfundisha binti yako kuacha nyama. Hapana mama mdogo. Anajua tu kwamba dada yake hali nyama tangu yupo kidato cha tatu na mpaka leo ni mzima, anafanya kazi, anapanda kile kilima cha kwenda kwa bibi bila kusimama. Nafikiri hilo lilimpa ujasiri wa kusema, ila sababu ni yake mwenyewe na nimemuomba ruhusa nikueleze, kasema sawa.

Wewe ulidhani ni vidio za TikTok. Labda kaziona, nani hajaziona, ila alichonieleza mimi hakikuwa cha TikTok kabisa, kilikuwa cha nyuma ya nyumba yako. Fikiria mama mdogo, vifaranga wanakuja kwenye boksi wana siku moja, anayewapokea ni yeye. Anayeamka saa nane usiku kuangalia kama jiko la mkaa halijazima na wasije wakarundikana kwa baridi wakafa ni yeye, anayewawekea chanjo ya gumboro kwenye maji ni yeye, anayebadilisha maranda yakilowana ni yeye, yani wale kuku wakisikia hatua zake tu wanakimbilia mlangoni. Halafu wiki ya tano ya sita inafika, simu za oda zinaanza kuingia, na mtoto yuleyule anaambiwa chemsha maji tuanze kunyonyoa. Wengi wetu tumekulia hivyo na hatukuona tatizo, ni kweli, ila kuna watoto ambao kitu kama hicho kinawakaa moyoni na hakitoki, na sio kwamba wana udhaifu. Mi naona mtoto anayehesabu uhai wa kifaranga kuwa kitu, huyo umemlea vizuri.

Na naomba unielewe hapa, hajasema biashara yako ni dhambi. Anajua ada yake inatoka kwenye lile banda, aliniambia hivyo kabla hata mimi sijasema. Ila anaogopa kukwambia ombi lake kwahiyo nakwambia mimi: ataendelea kulisha, kusafisha, kuweka maji, hata kupokea simu za wateja na kuandika oda kwenye daftari, anachoomba ni asiwe yeye wa kuchinja na kunyonyoa. Mi naona ni ombi la haki kabisa na ni la mtoto anayekuheshimu. Kijana wa kukusaidia siku ya oda yupo, mlipe kidogo, utabaki na mtoto anayependa kuingia bandani kwako.

Sasa umesema mambo ya kutokula nyama ni ya Wahindi na Wasabato. Wahindi ni kweli, pale Kisutu Dar es Salaam kuna Wahindu na Wajaini wanaoishi bila nyama vizazi na vizazi, wana watoto, wana wazee wa miaka themanini, na chapati na bajia za dengu tunazokula sisi tumezipata kwao. Wasabato nao wapo hapo jirani tu, walifika Upare mwaka 1903, kanisa lao linashauri watu wale vyakula vya mimea ingawa halimlazimishi mtu na wengi wao wanakula nyama. Lakini mama mdogo hata wewe Jumatano ya Majivu huli nyama, Ijumaa za Kwaresima huli, na sijawahi kusikia umeanguka kwa njaa. Na hebu hesabu wiki moja ya jikoni kwako. Makande. Ndizi na maharage, kile kiburu cha bibi ambacho kila mtu anaomba aongezewe. Ugali na mnafu. Wali maharage na mchicha. Uji wa ulezi asubuhi. Nyama ni Jumapili na siku akija mgeni, basi. Kwaiyo alichokataa huyu mtoto ni kama siku mbili za wiki, zile nyingine tano alikuwa tayari anakula hivyohivyo na wewe ndo ulikuwa unampikia, hakuna aliyeona ni mambo ya watu wengine.

Hofu yako ya damu sasa, hiyo siidharau hata kidogo, na hapa naomba usome taratibu. Msichana wa miaka 14 mpaka 18 anahitaji kama miligramu 15 za madini ya chuma kwa siku, mvulana wa umri huo anatosheka na 11, tofauti kubwa hapo ni kwamba binti anatoka damu kila mwezi. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina kama miligramu 4 hivi, tena chuma cha kwenye maharage na mboga mwili unakichukua kidogo kuliko cha kwenye nyama. Kwaiyo huwezi ukaondoa tu vipande vya nyama kwenye sahani ukabakiza wali na mchuzi ukasema si amekataa mwenyewe. Hapo ndo wengi wanaharibu halafu mtoto akianza kuona kizunguzungu wanasema tulimwambia.

Cha kwanza, chai. Kwetu chai inaenda na kila kitu, na chai ikinywewa pamoja na chakula inazuia mwili kuchukua kile chuma, haijalishi ina maziwa au ni ya rangi. Simaanishi aache chai, anywe baadae, saa moja hivi baada ya kula au kabla ya kula. Cha pili, vitamini C inafanya kinyume chake, inasaidia chuma kiingie, na kwako hiyo haina gharama, kamulia limau kwenye kachumbari, mpe pera, mapera yanaoza chini ya mti pale na yana vitamini C nyingi kuliko chungwa, embe likiwa msimu wake, juisi ya ubuyu. Maharage yaloweke usiku kucha umwage yale maji, yanaiva haraka unaokoa mkaa, na ile kitu inayoshikilia madini inapungua. Hayo mawili matatu tu yakifanyika kila siku yanabadilisha mambo sana.

Protini wala isikutie presha. Mahindi yana upungufu wa kitu ambacho maharage yanacho, na maharage yana upungufu wa kitu ambacho mahindi yanacho, vikikutana kwenye tumbo moja mwili unapata seti nzima, kwaiyo makande ya bibi yetu yalikuwa chakula kamili miaka yote hiyo kabla hujasikia mtu anasema neno protini. Zungusha tu usimpe maharage mekundu kila siku mpaka ayachukie, kuna choroko, kunde, mbaazi za nazi, dengu, njegere, njugu mawe ukizipata. Mboga pikia karanga, mchicha wa karanga, kisamvu cha karanga na nazi, huyo hawezi kukonda. Ila karanga chagua mwenyewe, toa zilizosinyaa na zenye ukungu utupe kabisa, usiseme nitawapa kuku, maana sumukuvu ni kitu kibaya, mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walipoteza maisha kwa kula mahindi yenye hiyo sumu, na huyu mtoto karanga atazila kuliko wengine ndani ya nyumba.

Halafu kuna vitamini B12. Hii nakwambia bila kuzunguka, haipo kwenye mboga wala kwenye maharage, inapatikana kwenye vitu vya wanyama. Bahati nzuri mdogo wangu kasema mayai na maziwa anaendelea navyo, na vyote viwili vina B12, kwaiyo glasi ya maziwa au mtindi kila siku na yai mara kwa mara visikosekane, usihesabu kama anasa. Ikitokea siku akaacha na hivyo, hapo hakuna mjadala, vidonge vya B12 lazima, na mi ntakuwa upande wako kumwambia. Na kumpima damu mpeleke, mi mama alinipeleka akiwa kanuna njia nzima, majibu yakaja vizuri na kuanzia hapo kelele nyumbani ziliisha zenyewe. Wingi wa damu ukiwa chini ya gramu 12 kwa desilita kwa binti wa umri wake ndo wanasema ana upungufu, na akikutwa nao atatibiwa kama binti mwingine yeyote, maana hata wala nyama wanaishiwa damu, kwenye ile foleni ya maabara utawakuta.

Kuna vitu viwili naomba sana usivifanye. Usimwekee supu ya mifupa kwenye maharage kimyakimya ukidhani unamsaidia. Najua wazo hilo limepita, ulicheka ulivyolisema, lakini siku akigundua, na atagundua, hataacha maharage tu, ataacha kula chochote ambacho hajakipika mwenyewe, na neno lako litakuwa limepungua uzito kwa mambo makubwa kuliko mchuzi. Cha pili usimruhusu ajilishe chips. Nimeona wenzangu wengi walioacha nyama wakiwa shule, chakula chao kikawa chips mayai na soda na biskuti, hilo sio kuacha nyama hilo ni kuacha kula. Mwingize jikoni, ajue kupika choroko mwenyewe, ndo sharti pekee ambalo mi ningempa.

Na hili nakuomba uliangalie kwa jicho la mama. Wapo mabinti wanaosema wameacha nyama kumbe wanachotaka ni kupunguza kula, wanaogopa kunenepa, nyama inakuwa sababu ya kuondoka mezani. Mdogo wangu simuoni huko, namuona anakula ndizi sahani mbili, lakini ukiona kaanza kuacha na wali, na ugali, na mafuta, anakula peke yake chumbani, nguo zinampwaya, usigombane nae kuhusu nyama hapo, kaa nae, na mtafutie msaada hospitali mapema.

Shuleni kwake bweni sina wasiwasi, maharage yapo kila siku iendayo kwa Mungu, siku ya nyama ni moja kwa wiki. Andika barua fupi kwa matroni, siku hiyo apewe kabichi na maharage yaliyobaki, na mfukoni awe na karanga.

Kinachokuumiza zaidi naamini sio damu, ni Desemba. Ulisema kwa sauti ya chini, nitawaambia nini kule nyumbani. Nakuelewa mama mdogo. Watu wanatoka Dar, wanatoka Mwanza, wanapanda kuja nyumbani Kilimanjaro wote siku zilezile, mbuzi anachinjwa, na nyama haigawiwi ovyo, huyu kidari, yule mguu, wakwe wana fungu lao, shangazi ana lake, na mtu asipopewa fungu anajua kuna jambo. Sasa binti akisimama mbele ya wazee akasema mimi silitaki, kinachosikika pale ni kwamba anaukataa ukoo. Mi nilivyokuwa na umri wake nilimuuliza bibi kabla, nikiwa nae migombani peke yetu, nikamwambia bibi nyama siwezi tena. Akanyamaza kidogo akasema fungu lako pokea kwa mikono miwili, ukishalipokea ni lako, mpe unayempenda. Tangu hapo kila Desemba napokea, nashukuru, nampelekea bibi, na hakuna mzee hata mmoja aliyewahi kuninyima wala kunisema vibaya, wengine nadhani hata hawajui. Mfundishe na yeye hivyo. Kwenye harusi vilevile, ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, ikiletwa kipande atakilishwa mbele za watu, akipokee kwenye leso ampe aliye pembeni, wala hakuna haja ya hotuba. Na mwambie asiwaseme wanaokula, hilo nitamwambia na mimi, kama anavyotaka aheshimiwe sahani yake na yeye aheshimu za wenzie, babu hawezi kufundishwa kula na mjukuu siku ya sikukuu.

Baba mdogo yeye muachie mimi. Najua anasema ni utoto utapita. Unaweza ukapita kweli, watu wanabadilika, akirudi kula nyama akiwa na miaka ishirini hakuna atakayemcheka, ila kwa sasa anajifunza kusimama na kitu anachokiamini akiwa kwenye nyumba inayompenda, na mi natamani ajifunzie humo kuliko kwingine kokote. Binti aliyezoea kusema hapana nyumbani na akasikilizwa, huko nje atakuwa na sauti.

Nakuja Jumamosi, nitapanda gari la asubuhi. Nitaleta choroko na mbaazi kavu kutoka sokoni huku maana bei iko chini kidogo, wewe uwe na nazi mbili na mnafu. Mwambie mdogo wangu aloweke kilo ya maharage Ijumaa usiku, tutapika kiburu wote watatu, na kama kuna oda ya kuku siku hiyo mi ntakaa na wewe bandani kuandika, yeye abaki jikoni.