Taarifa ya Mwenyekiti ya Mwaka: Basi la Shule la Kesho

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati tendaji, nawashukuru kwa kujitolea kwenu mwaka mzima. Hesabu zimekaguliwa na mweka hazina atazisoma baada yangu. Muda wangu nitautumia kwenye mlango wa basi.

Tulipoanza kuchora gari la shule kwa miji ya baadaye, mazungumzo yalikuwa betri na kamera. Ndipo tukafanya jaribio dogo. Tuliweka boksi lenye kimo cha mtoto wa miaka minne, mita 1 hivi, mbele ya boneti. Dereva mzoefu akakaa kwenye usukani, akatazama mbele na vioo vyote, akasema njia nyeupe. Nikabaki nimelikodolea macho lile boksi, nikimuwaza mtoto aliyeinama kuokota kofia yake. Tangu siku ile nasema waziwazi: hatari kubwa haiko kwenye kiti, iko nje, ndani ya mita 3 kulizunguka basi.

Michoro tumeirudia. Ngazi ya kwanza imeshushwa ili mguu mfupi uifikie. Vishikio havina mwanya wa kunasa kamba ya begi. Boneti imefupishwa, na vihisi vinalizuia gari kuondoka kukiwa na kitu mbele yake. Rangi ya njano tumeibakiza. Marekani waliichagua mwaka 1939 kwa kuwa huonekana vizuri kwenye mwanga hafifu wa alfajiri.

Kuhusu gari lisilo na dereva, najua hamu ya baadhi yenu. Mimi nalikataa kwa watoto wadogo kama hakuna mtu mzima ndani. Oktoba 2018 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani iliamuru basi dogo la aina hiyo huko Florida liache kubeba wanafunzi, maana kibali chake kilikuwa cha majaribio na maonyesho. Kompyuta inaweza kufunga breki, lakini nani atamwamsha mtoto aliyesinzia kiti cha nyuma? Ndiyo sababu tumeweka kitufe nyuma kabisa: king'ora hakinyamazi mpaka mhudumu afike huko akikagua kila kiti.

Lililotushinda ni vituo. Tumeomba kasi ya kilomita 30 kwa saa kuzunguka shule, kama Azimio la Stockholm la mwaka 2020 kuhusu usalama barabarani duniani lilivyohimiza pale watu na magari wanapochangamana. Majibu hayajafika. Wakati tukisubiri, naomba watu wa kupima vituo asubuhi: upana wa njia ya miguu, kivuko kilipo, mlango unafungukia upande gani. Fomu ziko kwa katibu.