Wahadzabe si watu wa kale

Mhariri,

Kila mara gazeti likiandika habari za Wahadzabe, wawindaji na wakusanya matunda wa Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, mimi husoma kwamba "wanaishi kama binadamu wa kwanza". Waongoza watalii nao husema hivyohivyo. Naomba maneno hayo tuyaache. Hayaelezi maisha ya Wahadzabe, ni nadharia ya anthropolojia, elimu ya jamii na tamaduni za binadamu, ya karne ya 19.

Mwingereza Edward Tylor mwaka 1871, na Mmarekani Lewis Henry Morgan mwaka 1877, walizipanga jamii za binadamu kama ngazi: chini ushenzi, juu kabisa ustaarabu. Msingi wao ulikuwa na jema ndani yake, maana waliamini akili ya binadamu ni moja popote alipo. Kosa ni kudhani kwamba kwa kuwa akili ni moja, basi na njia ni moja, na asiyefanana na Mzungu amekwama njiani. Mtu aliye hai akageuzwa shahidi wa zamani za mwingine. Sisi hatukuona ajabu. Kiswahili chetu kilishakuwa na ngazi yake, waungwana pwani na washenzi bara.

Mwanaanthropolojia Franz Boas aliupinga mpango huo wa ngazi mwaka 1896, akataka kila jamii isomwe kwa historia yake yenyewe. Ila mimi hunigusa zaidi mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyefanya utafiti Katanga, nchini Kongo, na kukichunguza Kiswahili cha huko. Mwaka 1983 aliwakabili wanataaluma wenzake: mnazungumza na watu ana kwa ana, kisha mkiandika mnawaweka katika zama nyingine.

Mtazameni Mhadzabe akitengeneza mshale. Ufito anaunyoosha kwa meno. Ncha ni msumari wa dukani au chuma alichopata kwa jirani zake Wadatoga, anaugonga juu ya jiwe mpaka unakuwa bapa. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Bonde la Yaeda walipewa hati ya kimila ya ardhi yao. Hao ni watu wa leo, wenye madai ya leo. Mtu akishahesabiwa wa kale, bonde lake huonekana pori lisilo na mwenyewe, na mkulima au mfugaji akiingia hakuna anayeuliza.

Picha ijayo mtakayochapa, andikeni chini yake ni kijiji gani, anafanya nini, na yeye mwenyewe anasemaje.

Mwalimu mstaafu,
Mbulu